Jembe la Adhabu

Katika shule ya bweni niliyosoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanafunzi aliyechelewa mstarini alipewa jembe. Aliyezungumza baada ya taa kuzimwa alipewa jembe. Aliyekutwa na kitanda kisichotandikwa naye alipewa jembe, na kiranja akampimia hatua 10 kwa 10 za majani marefu nyuma ya bwalo. Waliofanya vizuri katika mitihani hawakuguswa. Wao walibaki madarasani wakijisomea, na waliokuwa wakilima waliwatazama kupitia madirishani kwa wivu. Mimi nililima mara chache sana. Nilikuwa mtoto mtiifu, mwenye akili ya vitabu, na kila nilipoliepuka jembe nilijiona nimepanda ngazi nyingine.

Zaidi ya miaka 20 baadaye nililikumbuka jembe lile nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya banda la kuku nyuma ya nyumba yangu jijini Dar es Salaam. Ilikuwa alfajiri. Mbele yangu walilala vifaranga 112 waliokufa, wamelaliana kwenye kona moja ya banda. Nilikuwa na shahada ya uchumi, mke na watoto wanne, na sikuwa na kazi. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu naona vijana wa leo wakipita njia ile ile, na nisingependa wadhani kwamba wao ndio wa kwanza kuipita.

Mwezi Machi 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi, wakosee na kujifunza kutokana na makosa yao, kisha waone mavuno na faida yake. Alihofia kwamba shule tulizorithi kwa wakoloni zilikuwa zikitoa kundi dogo la watu wanaojiona wametengwa na jasho la wazazi wao. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa akimwogopa ndiye mimi.

Shamba tulikuwa nalo: ekari kadhaa za mahindi na bustani ya kabichi. Lakini hakuna aliyetueleza kwa nini mahindi ya upande wa bondeni yalikuwa na majani ya manjano na ya upande wa juu yalikuwa ya kijani. Hatukujua mavuno yalikwenda wapi wala yaliuzwa kwa bei gani. Mwalimu wa zamu alikuja na fimbo, akahesabu matuta, akaondoka. Somo tulilolipata katika shamba lile lilikuwa moja tu, nasi tulilishika vizuri kuliko hisabati: kwamba kazi ya mikono ni malipo ya makosa. Hata Jeshi la Kujenga Taifa, nilikokwenda mwaka 1974 kama wenzangu waliomaliza kidato cha sita, tulilima kwa filimbi na amri. Tulitoka huko na viganja vigumu, na baada ya miezi mitatu vilikuwa laini tena.

Hata hivyo lawama zote nisiiwekee shule, kwa maana nyumbani nako nilifundishwa jambo lilo hilo, tena kwa upendo. Nimezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kihamba kilichozungushiwa masale, chenye migomba na kahawa chini ya kivuli chake, na ng'ombe wawili waliolishwa bandani. Baba yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na elimu nyingine. Alijua tawi lipi la mbuni limechoka na lipi litazaa mwakani. Alitambua chulebuni kwenye buni changa kabla doa halijaenea. Alijua zamu yake ya maji ya mfereji, na alijua pia ni jirani gani wa kuombwa asogeze zamu, kwa heshima gani na kwa kata ngapi za mbege. Kahawa yake ndiyo iliyonilipia ada ya shule ya msingi, sanduku la bati, sare na nauli ya basi.

Siku moja, nikiwa na umri wa miaka 11 hivi, nilichukua kisu chake cha kupogolea nikaanza kukata machipukizi kama nilivyomwona akifanya. Alikuja, akakitoa kisu mkononi mwangu taratibu, akasema, "Acha hiyo, mwanangu. Wewe kasome. Haya nitayafanya mimi." Hakuwa na hasira. Alikuwa akitabasamu. Aliniondoa kwenye kahawa yake kama mtu amwondoaye mtoto kwenye moshi wa jikoni. Nami niliondoka nikijua kuwa nimependwa.

Basi nikasoma. Nilihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1980, nikaajiriwa kuwa afisa mipango katika wizara moja. Nikapata nyumba, nikaoa mwalimu, nikaanza maisha ya watu wa aina yetu. Ukiyatazama maisha yale leo utacheka. Bawaba ya mlango ikilegea, aliitwa fundi. Bomba likivuja, fundi. Godoro likipasuka, kiatu kikibanduka, redio ikikoroma, fundi, fundi, fundi. Sikujua hata kubadilisha kinyonyi cha koki. Sikuona aibu yoyote. Kinyume chake, idadi ya mafundi niliowafahamu kwa majina niliiona kuwa ni alama ya cheo.

Haimaanishi kwamba tulikuwa tukistarehe. Waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka unga wa yanga, foleni za sukari na sabuni, na mawe yaliyopangwa barabarani kumwekea mtu nafasi. Mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya katikati ya mwezi. Mke wangu alikuwa akiamka saa 10 alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza, na jioni aliketi kwenye cherehani aliyorithi kwa mama yake, akishona sare za shule za watoto wa majirani. Wake za wenzangu wengi walikuwa na miradi ya namna hiyo: barafu, vitumbua, kuku, batiki. Sisi waume tuliiita "pesa ya chumvi". Nakiri kwamba katika ripoti zangu za ofisini, nilipoandika juu ya kipato cha kaya ya mtumishi wa serikali, niliandika mshahara peke yake. Nilikuwa nikila maandazi yale huku nikiandika kwamba hayapo.

Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakaanza kutufikia mmoja mmoja. Kabla ya hapo dola moja ya Marekani ilikuwa karibu shilingi 17. Kufikia mwaka 1995 ilikuwa imepita shilingi 500. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa au kufungwa. Likaja neno ambalo wakubwa walilitamka kwa Kiingereza na wadogo wakalitamka wanavyoweza, lakini maana yake kila mtu aliifahamu: kupunguzwa kazini. Tuliokuwa maafisa tulidhani watapunguzwa madereva, wapishi na walinzi. Mimi mwenyewe nilishiriki kuandaa jedwali mojawapo la hesabu hizo.

Barua yangu ilikuja mwaka 1994. Ilianza na "Ndugu", ikaendelea kunishukuru kwa utumishi wa miaka 14, ikamalizia kwa kunitakia mafanikio katika shughuli zangu mpya. Shughuli mpya sikuwa nayo. Aliyeniletea barua ile alikuwa tarishi wetu wa siku zote, mzee mmoja wa Mbagala aliyekuwa akitembea na baiskeli ya wizara. Nilipoinua uso nilimwona ameshika bahasha nyingine ya rangi ile ile. Ilikuwa yake.

Wengi wetu tulichukua kiinua mgongo tukakitia katika vitu tusivyovijua. Mwenzangu mmoja alinunua Hiace iliyochoka, akaiweka barabarani iwe daladala, moja ya vile vipanya vya siku zile. Hakujua kuitazama injini, kwa hiyo kila jioni aliamini alichoambiwa na dereva. Baada ya miezi minane gari lilikuwa juu ya mawe. Mwingine alifungua duka, likaliwa kwa mikopo ya jamaa. Mimi nilichagua kuku wa mayai. Nilikuwa na sababu nzuri: nikiwa wizarani nilikuwa nimepitia maandiko kadhaa ya miradi ya kuku. Nilijua mstari wa vifo, ambao kwa kawaida tuliujaza asilimia 5. Nilikuwa nimezipitisha asilimia 5 hizo kwa kalamu yangu mara nyingi, bila kujiuliza kuku hufa vipi.

Nilileta vifaranga 300. Nikawawekea balbu mbili kubwa za kuwatia joto, nikatandaza maranda, nikapanga vyombo vya maji kama mchoro ulivyoelekeza. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgawo kwa sababu ya upungufu wa maji kwenye mabwawa. Hilo nililijua, nililisoma gazetini kila siku. Lakini kujua kwangu kulikuwa kwa gazetini. Usiku wa nne umeme ulikatika saa 6, nami nilikuwa nimelala. Vifaranga wakaona baridi, wakakimbilia kona moja, wa juu wakawakanyaga wa chini, na hadi alfajiri 112 walikuwa wamekosa hewa.

Waliobaki niliwachanja chanjo ya gumboro mimi mwenyewe, nikajipongeza. Niliichanganya chanjo kwenye maji ya bomba, nikaiacha bandani siku nzima wanywe wakitaka. Baada ya siku chache wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, wakihara maji meupe. Bwana mifugo alipokuja aliniuliza maswali mawili tu: maji gani, na kwa muda gani? Kisha akanieleza kwamba chanjo ile ni kitu hai kilichodhoofishwa. Dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba huiua, na jua na saa nyingi humalizia kazi. Kuku hunyimwa maji kwanza wapate kiu, kisha hupewa chanjo wainywe yote upesi. Aliyasema hayo kama mtu asemaye kuwa chumvi hutiwa mbogani. Walibaki kuku 61.

Mke wangu hakunilaumu. Jioni ile alishona hadi saa 5 za usiku, nami nikakaa karibu naye nikisikiliza cherehani. Baada ya muda mrefu alisema, bila kuinua kichwa, "Baba watoto, nishikie hapa." Nikashika ncha ya kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kushika chochote katika kazi iliyokuwa ikilisha nyumba yangu.

Desemba ile tulikwenda nyumbani mlimani kama ada. Baba alikuwa ameshaambiwa. Asubuhi ya pili aliniita kihambani, akanipa kile kisu, au ndugu yake kile kisu, akanionyesha mbuni mmoja. "Pogoa," akasema. Nilizunguka mti ule mara mbili. Nikakata tawi moja, kisha jingine. Nilipomtazama niliona uso wake umebadilika. Nilikuwa nimekata matawi ya kuzaa mwaka unaofuata, nikayaacha machipukizi yanayonyonya. Nilisubiri anikemee. Badala yake aliketi kwenye shina la mgomba ulioanguka, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hapa nilikukosea."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka 41, na mtu niliyedhani ananidai maelezo ndiye aliyekuwa akiniomba radhi. Nikamwambia kuwa alichofanya ndicho kilichonifikisha nilipofika. Akaitikia kwa kichwa, lakini akaongeza jambo ambalo halijanitoka hadi leo. Alisema kwamba yeye naye alikuwa amepunguzwa kazini. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka duniani kote. Miti ilikuwa ile ile, mikono ilikuwa ile ile, chulebuni aliijua ile ile, lakini debe la kahawa halikuweza tena kulipa dawa yake yenyewe. Majirani walikuwa wakianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya au kuongeza migomba. "Wewe uliamini mshahara," akasema, "na mimi niliamini kahawa. Tofauti ni kwamba mimi nikishindwa kuuza kahawa, nakula ndizi."

Tulikaa siku 9 mlimani. Kila asubuhi alinifundisha. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo alifundisha kwa mdomo na kwa fimbo aliyonyooshea tawi. Kwa fedha, somo lile halikuwa na thamani yoyote mwaka ule. Lakini siku ya 9 nilipogoa mti mzima naye hakusema neno, akapita kwenda kutazama ng'ombe. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha kama kule kupita kwake. Baba alifariki miaka michache baadaye.

Niliporudi Dar es Salaam niliuliza njia hadi Mbagala kwa yule tarishi. Nilimkuta chini ya mwembe akiziba pancha, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na matuta ya mchicha na matembele, na banda dogo la kuku. Kwa miaka 14 alikuwa akinisalimu kwanza kila asubuhi, ingawa alinizidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Siku ile nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Alisita kidogo. "Marahaba, bwana mipango. Karibu. Huko mjini mnaendeleaje?"

Nikamweleza yote, hata habari ya maji ya bomba. Hakucheka. Jioni alinichukua bandani kwake. Hakuwa na umeme. Alikuwa na chungu cha mkaa kilichofunikwa kwa bati lenye matundu, na magunia ya kuziba upepo. Akaniambia nikae nitazame vifaranga. "Wakijikusanya pamoja wakipiga kelele, wana baridi. Wakikimbilia ukutani wakipumua midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika kila mmoja na lake, sauti ndogo ndogo, basi na wewe kalale. Wao ndio wanaokuambia. Wewe kazi yako kuwasikiliza." Kona zote za banda lake alikuwa amezizungushia maboksi, ili pasiwe na pembe ya kurundikana. Kitu kidogo kama hicho kingaliokoa vifaranga wangu 112.

Nilimuuliza ilikuwaje yeye akawa na haya yote naye alikuwa mtumishi kama mimi. Akafikiri, kisha akasema, "Mshahara wangu sikuuamini hata siku moja. Ulikuwa mdogo mno. Wako ulikuwa mkubwa kiasi cha kukudanganya."

Hapo ningeweza kuifunga insha hii, na wapo watakaopenda iishie hapo, kwamba msomi ni mjinga na fundi ni mwerevu. Lakini haikuishia hapo, na ukweli unanidai niseme yaliyofuata. Tulipomaliza chai, mzee aliingia ndani akatoka na bahasha. Ilikuwa hesabu ya kiinua mgongo chake. Alikuwa na mashaka nayo kwa miezi kadhaa, ila hakujua aanzie wapi, na kila alipokwenda wizarani aliambiwa arudi Jumatatu. Niliisoma mara moja nikaona kasoro: miaka minne ya mwanzo, aliyofanya kazi kama kibarua kabla ya kuthibitishwa, ilikuwa imeachwa, ingawa barua yake ya kuthibitishwa ilisema itahesabiwa. Nikamwandikia barua ya ukurasa mmoja, nikataja kumbukumbu namba, tarehe na kifungu. Nikamwambia aipeleke kwa nani, asipeleke kwa nani, na anakili mihuri. Ilichukua miezi 5, akalipwa. Kwa fedha zile aliezeka nyumba yake mabati. Alisema angetoa spana zake zote ili mmoja wa watoto wake aweze kuandika barua kama ile.

Msomaji wangu, nimelifikiria jambo hili kwa miaka 30, na hili ndilo nililolipata. Kosa letu halikuwa kusoma. Kalamu ni kifaa kama spana na kisu cha kupogolea, na asiyekuwa nayo huibiwa mchana. Wala mikono peke yake si kinga; muulize baba yangu na kahawa yake. Kosa letu lilikuwa kukubali kuwa nusu ya mtu na kuona fahari juu ya nusu tuliyopoteza. Tulijua jambo moja, tukaliuza kwa mnunuzi mmoja, na tuliosukuma nao maisha, yaani mke mwenye cherehani, tarishi mwenye mchicha na baba mwenye kihamba, hatukuwauliza chochote kwa sababu tulishaambiwa tangu shuleni kwamba wanachokijua ni adhabu. Nilichokosa bandani usiku ule, zaidi ya utaalamu wa kuku, kilikuwa mazoea ya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mwenye cheo huona ni ujinga.

Nilianza tena na vifaranga 50, kisha 100. Sikutajirika. Nilifuga, nikafundisha hesabu za jioni, na mke wangu akashona. Kwa vitatu hivyo watoto wanne walisoma. Tulipohama nyumba ya serikali tulijenga yetu kidogo kidogo, na milango yake miwili niliipachika mwenyewe. Mmoja haufungi vizuri hadi leo.

Mwaka ule ule wa 1994 nilioupata barua, Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na vijana wengi wamepata riziki kupitia vyuo vyake. Sasa toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari. Nalifurahia sana jambo hili, nami nina hofu moja tu. Nasikia wazazi, baadhi yao wasomi, wakisema mkondo huo ni wa watoto "wasioweza". Tukiusema hivyo mbele ya watoto, tutakuwa tumewapa tena lile jembe la nyuma ya bwalo, safari hii likiwa na mashine na karakana. Mtoto anayefaulu fizikia ndiye anayehitaji zaidi kujua kwa nini mota imeungua, na anayeijua mota ahitaji kujua kusoma mkataba.

Mwanangu wa mwisho alihitimu chuo kikuu mwaka 2015. Hakupata ajira ya kudumu kama ile niliyoiamini mimi. Alifanya kazi katika miradi ya afya, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mkataba wake ulikatizwa. Barua ilikuja kwenye simu. Alinisomea: ilimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia mafanikio katika shughuli zake mpya. Nikamwambia kwamba barua hiyo naifahamu.

Jioni ile tulikaa barazani hadi giza lilipoingia. Alizungumza juu ya kodi ya nyumba, ada za watoto na maombi ya kazi aliyotuma. Yote yalikuwa ya kweli, nami sikuwa na fedha za kuyaondoa. Mwisho akauliza, kama mtu anayetafuta la kusema, "Baba, wale vifaranga wapya bado wadogo?" Nikamwambia wana siku ya nne. Tukaenda bandani. Kulikuwa na kibaridi, na chungu cha mkaa kilikuwa kimeanza kufifia. Nilimwona akiinua mkono kutaka kuchukua koleo, nami nikanyoosha wangu nimpokonye, nimwambie aache, nitafanya mimi. Nikajizuia. Nikamsogezea ile ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia akae kwanza awasikilize.